Milimita Tatu

Mgongo wa Shekue umekataa kuinama
tangu rundo la matairi lilipomwangukia ghalani, Washington
(si ile ya ikulu; hii yetu, maili saba kutoka hapa Sunderland).
Basi pikipiki yake tumeipandishia usukani:
pembe ndefu za chuma, kama za ng'ombe wa Ankole,
tulizozinunua Gateshead kwa Colin Stobbart,
aliyehesabu noti mara tatu, kisha akatupa nati za bure.

Pembe zikakaa. Zikapendeza. Jirani akapiga mluzi.
Nyaya ndizo zilizogoma.
Waya wa klachi ukaishia hewani,
shibiri na ushei chini ya mkono wake,
kama mtoto anayenyoosha kidole kwenye rafu ya biskuti.
Wa mafuta hata haukujaribu.

Kiwandani walizikatia nyaya hizi mtu mwingine,
mtu wa kulalia tangi,
kifua chini, kidevu mbele, mwaka themanini na tatu.
Shemeji yangu hawakumjua.

Nikaanza na wa mafuta. Nikachukua kamba ya kiatu,
mbili kwa kweli, nimeziunga kwa fundo,
nikaipitisha njia ambayo waya utapita:
kutoka kwenye kabureta, chini ya tangi,
nyuma ya shingo ya usukani, isiguse ekzosi,
isibanwe na foko, ipande polepole
mpaka kwenye kiganja.
Sentimita ishirini na nane za ziada.
Nikaziandika kwa chaki ukutani mwa gereji
chini ya namba alizoacha mpangaji wa zamani,
ambazo hakuna ajuaye zilikuwa deni la nani.

Februari. Hita ya gesi inakoroma, haipashi.
Shekue amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
ananishikia tochi. Hasemi.
Mwaka mzima sasa anajibu ndiyo na hapana,
na dada yangu humwekea chakula
kama atumbukizaye barua kwenye sanduku.

Ala mpya nikaitundika msumarini usiku kucha,
nikaitia oili tone kwa tone
hadi tone likatokea upande wa pili,
jeusi kidogo, likaangukia gazeti.
Ncha ya waya nikailehemu: nyuzi kumi na tisa za chuma
ambazo ukiziachia huchanua kama ufagio.
Risasi ikayeyuka, ikazimeza.
Nikaivuta kwa koleo, mguu ukutani,
kwa maana kamba hukatikia pabovu,
na pabovu pa kamba hii pangekuwa barabara ya A19, kwenye mvua.

Tukawasha. Injini ikakohoa, ikatulia, ikanguruma vizuri.
Nikajisifu moyoni.
Ndipo Shekue akainuka kwenye ndoo,
akashika pembe, akaugeuza usukani kushoto
mpaka mwisho,
na injini ikapanda yenyewe, ikapiga yowe,
hakuna mkono uliogusa mafuta.

"Umeupima ukiwa umenyooka," akasema.
"Nani anakwenda amenyooka?"

Maneno sita. Dada hajapata mengi hivyo tangu Idi.

Tukafungua tena. Tukauhamishia waya upande wa pili wa shingo,
tukautafutia kona pana.
Kushoto, kulia, kushoto. Injini haikushtuka.
Mwisho, kwenye mkono wa klachi, nikaacha nafasi:
milimita tatu, unene wa sarafu ya pauni,
pale unapovuta na bado hakuna linalotokea.
Anayeanza ufundi hudhani ni kasoro, hukaza.
Akikaza, klachi huungua.

Shekue akapanda, mgongo wima kama aliyemeza fimbo,
akaenda mpaka kwenye taa za barabarani, akarudi.
Akazima. Akaniomba spana namba kumi.
Kioo cha kulia, akasema,
kinatazama mbinguni.